Meno Mawili ya Usukani

Ulipita. Usinikatalie, maana Jumamosi ile saa nne asubuhi barabara ya Thika haikuwa na mtu asiyepita. Labda ulikuwa unaenda harusi, labda ulikuwa unaenda shamba. Hapo Juja uliona gari dogo jeupe limezamisha pua mtaroni na ndizi zimetapakaa kwenye lami. Ulipunguza mwendo. Uliona mwanamke amelazwa juu ya leso, mguu umegeukia upande usio wake. Uliona dereva ameketi chini, mikono kichwani, watu wamemzunguka wakimtukana. Ukapandisha kioo. Ukamwambia uliyekuwa naye, "Madereva wa siku hizi ni walevi tu," ukakanyaga mafuta, na kabla ya kuingia Thika ulikuwa umeshabadilisha mazungumzo.

Basi acha nikueleze ulichokiacha pale.

Mwanamke yule anaitwa Emmah, anauza ndizi, na sasa yuko wodini, nyonga imevunjika. Dereva anaitwa Gerishon, mpangaji wa mtaa wa Kiganjo, Thika, na siku ile hakuwa amekunywa hata soda. Ameendesha magari ya watu miaka kumi na minne bila kugonga hata kuku. Gari lenyewe ni la Githae, yule mwenye yadi ya magari ya Japani huko Ruiru. Ajali ilitokea Juja, lakini gari na dereva walipelekwa kituo kidogo cha polisi cha Kwa Mbao, upande wa Ruiru, ambako Githae anajulikana mpaka na paka wa kantini. Hilo peke yake lingetosha kukufanya uulize. Hukuuliza.

*

Jumapili jioni, Waithira, mkewe Gerishon, alirudi kutoka kituoni na sufuria ile ile aliyoenda nayo, githeri ya mahindi na maharagwe imeganda ndani. Hakwenda chumbani kwake. Aliketi mlangoni pa jirani yake Mwanamisi, ambaye alikuwa akimenya viazi vya biashara. Vyumba vyao vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Mmoja akipiga chafya, mwingine anamwombea afya.

"Wamekataa?" Mwanamisi aliuliza.

"Wamesema chakula cha nje hakiingii. Halafu mmoja akafunua, akachota na kijiko chake, akasema haina chumvi."

"Haiya! Na akala?"

"Akala vijiko vitatu, Mama Nadira. Mbele yangu. Halafu ananiuliza bwanangu hunywa nini, ya chupa ama chang'aa. Nikamwambia Gerishon ni mtu wa kanisa. Akacheka, ati wote huwa wa kanisa wakishafungiwa."

Yahya, mumewe Mwanamisi, alikuwa nje akisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Yeye ni fundi wa magari. Gereji yake ni uwanja wazi kando ya barabara pale pale Kiganjo, haina paa wala kibao, lakini ukiuliza fundi mwenye subira Thika nzima utaelekezwa kwake.

"Ulimwona mwenyewe?" alimuuliza Waithira.

"Kupitia kwa tundu. Akaniambia, ukifika nyumbani mwambie Baba Nadira hivi: nilikuwa nimeshika steringi sawa, sikukata kona, sikushika breki. Gari ikahama yenyewe, kwa nyuma."

Mikono ya Yahya ilisimama.

"Kwa nyuma? Si mbele?"

"Alisema nisisahau hiyo. Nyuma. Kama mtu ameisukuma matako."

Gari huhama kwa mbele: gurudumu likipasuka, au chuma cha usukani kikichomoka. Lakini lile la Githae halikuwa gari la kawaida, na Yahya alilijua. Magurudumu yake ya nyuma nayo hupinda, kidogo tu, yakifuata usukani kwa amri ya kompyuta. Waliolitengeneza walisema linakata kona kama samaki.

"Uende uliangalie, Baba Nadira," Waithira alisema. "Wewe ndiye unajua. Mimi nikiongea wananiona mwanamke tu."

*

Hakuhitaji kuomba ruhusa. Jumatatu asubuhi Githae alikuja mwenyewe gereji, akasimama mbali na mafuta ili viatu visichafuke, na simu ya mkononi ameishika kama rungu.

"Mswahili wangu!" aliita. Yahya amezaliwa Thika, na baba yake amezaliwa Thika, lakini kwa Githae yeye ni Mswahili aliyepotea njia. "Sasa fundi?"

"Salama, mzee."

"Kuna kakazi. Alhamisi inspekta wa magari anakuja Kwa Mbao saa nne. Watu wa bima wanataka barua ya fundi kwanza. Wewe nenda uangalie ile gari, uniandikie: imekaguliwa, haina shida. Ugonge muhuri wako ule."

"Nikishaangalia, nitaandika nilichokiona."

"Ndiyo, ndiyo. Utaona haina shida." Githae alitabasamu. "Aterere, sikiliza, Yahya. Nina magari thelathini yako baharini. Yakifika, yote service ni kwako. Na hapa nitakuwekea mabati. Mtu wa umri wako anafanyaje kazi akinyeshewa kama mbuzi?"

"Na Gerishon? Amekuendeshea watoto miaka sita."

"Ndiyo maana inaniuma! Lakini mtu akilewa amelewa."

"Hakulewa, mzee."

"Fundi," Githae alisema polepole, "mimi nimekuita juu ya gari. Sijakuita juu ya mtu."

*

Jumanne, Koplo Kitheka alimfungulia Yahya geti la bati na kumwonyesha gari, lililokuwa limebanwa kati ya lori la mkaa na lundo la baiskeli zilizokamatwa. Kisha akaketi juu ya tairi bovu, mfuko wa njugu pajani, atazame sinema ya bure.

Yahya alianza na mambo ya kawaida. Magurudumu manne yalikuwa mazima. Aliingia chini, akatikisa vyuma vya usukani, havikucheza. Alikanyaga breki, ikashika. Akaketi kwenye kiti cha dereva, akageuza ufunguo hatua moja bila kuwasha injini. Hapo taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kila moja ijitambulishe. Ya breki iliwaka. Ya mafuta, ya betri, ya injini. Aligeuza mara tatu, akihesabu kwa kidole. Taa moja haikujitokeza: ile yenye picha ya magurudumu manne.

Akachukua bisibisi, akafungua dashibodi. Tundu la taa ile lilikuwa tupu. Balbu imetolewa, na mahali pake pamezibwa kwa kipande cha tepu nyeusi kilichokatwa vizuri kwa wembe.

Yahya hakushangaa. Kazi hiyo hufanywa yadini. Taa ikiwaka, mnunuzi anaogopa. Kutafuta ugonjwa ni kazi ya siku mbili. Kutoa balbu ni dakika tano. Alichohisi, Mungu amsamehe, ni furaha. Alijua tayari jinsi atakavyomwambia Waithira: ni Githae, ni yeye aliyeliziba gari mdomo.

Aliazima balbu ya saa ya dashibodi, akaipachika pale. Akageuza ufunguo. Taa ikawaka, na haikuzima tena.

"Umeona?" alimwambia Kitheka. "Gari lilikuwa likilia. Hakuna aliyelisikia."

"Sasa linalia nini?"

"Ngoja tuliulize."

Alikwenda kwenye buti, akafunua zulia, akapata plagi ndogo ya plastiki isiyounganishwa na kitu. Akachukua kipande cha waya, akakikunja, akaunganisha matundu mawili. Aliporudi mbele na kugeuza ufunguo, taa ilianza kupepesa. Mara tatu, ikatulia. Mara mbili, ikatulia zaidi. Tatu tena. Mbili tena.

Kitheka aliacha kutafuna. "Wee fundi, unaongea na taa?"

"Inaniambia ugonjwa."

"Inaongea Kijapani ama Kiswahili?"

"Inaongea hesabu. Tatu na mbili."

"Hata mimi nikilewa huona taa zikipepesa. Hakuna mtu huniita fundi."

Yahya alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka imeanza kukatika. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa kitabu cha Kijapani, ambayo Waweru, fundi wa maabara katika chuo kikuu cha Juja, aliyewahi kusomeshwa Japani miezi saba, alikuwa amemwandikia maana kwa kalamu kando ya kila namba. Kidole kilishuka hadi thelathini na mbili. Hapo Waweru aliandika: *Sensa ya usukani. Katikati yake si katikati ya magurudumu.*

Sensa hiyo ni pete iliyo chini ya usukani, yenye masikio mawili yanayoingia ndani ya usukani wenyewe. Kazi yake ni kuiambia kompyuta dereva amepinda kiasi gani. Ikisema uongo, magurudumu ya nyuma yanatii uongo.

Imevunjika, au imesogezwa? Yahya alibandua kifuniko cha honi ili aone nati inayoshika usukani. Aliiona nati. Na juu ya nati aliona vitone viwili vilivyogongwa kwa patasi, kimoja kando ya kingine.

Kila fundi wa Kiganjo ana alama yake, ili baadaye kusiwe na ubishi nati ipi ilifunguliwa na nani. Mmoja huchora msalaba, mwingine hupaka rangi ya kucha ya mkewe. Vitone viwili ni vya Yahya.

Alikumbuka. Januari, mvua za El Nino zilipokuwa zimeshakula lami, Githae alileta gari akilalamika kwamba likienda moja kwa moja usukani unakaa kombo. "Sitaki hadithi ya alignment, ya kupimwa magurudumu," alisema, "hiyo mashine iko Nairobi. Nyoosha steringi tu, nina haraka." Na Yahya alifanya kama alivyofundishwa na aliyemfundisha, kama wanavyofanya mafundi wote kutoka hapa hadi Murang'a: alifungua nati, akavuta usukani kutoka kwenye mhimili wake wenye meno, akauzungusha meno mawili, akaurudisha. Usukani ukanyooka. Mteja akafurahi. Miaka ishirini amenyoosha usukani hivyo, na hakuna gari lililowahi kumlalamikia.

Lakini magari hayo mengine hayakuwa na pete. Alipouzungusha usukani meno mawili, pete nayo ilizunguka meno mawili. Tangu siku hiyo gari lilikwenda moja kwa moja likidhani linapinda, na magurudumu ya nyuma yakakaa upande kidogo, yakisubiri. Jumamosi, kwenye mwendo wa themanini, kompyuta, ambayo taa yake ya onyo ilikuwa imeshazibwa, ilichoka na hesabu zisizolingana, ikakata. Magurudumu ya nyuma yakajirudi kwa ghafla. Na Emmah alikuwa amesimama pale na ndizi zake.

"Umepata?" Kitheka aliuliza.

"Bado," Yahya alisema, na kurudisha kifuniko cha honi.

*

Sitamfichia Yahya. Kosa ni lake. Lakini niambie, nani alimfundisha? Ushuru wa gari lile ulilipwa bandarini na mtu akagonga muhuri. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani na kilitupwa huko huko. Nakumbuka enzi gari lilipokuja na maelezo yake na fundi akaitwa asomeshwe. Siku hizi tunaletewa mashine zenye akili na tunaachiwa nyundo. Halafu likitokea la kutokea, anatafutwa mwenye mikono michafu.

*

Jumanne hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, Mwanamisi alikuwa mbele ya karai, viazi vikielea. Aliona mumewe akinawa mikono mara ya tatu.

"Mafuta yameshatoka, Baba Nadira. Unaosha nini?"

Alichota maji mengine, akaendelea kusugua.

"Umeona nini huko?"

Akamwambia yote, kwa sauti ya chini, kuanzia tepu hadi vitone. Viazi viliungua na Mwanamisi hakuvitoa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Na Githae?"

"Githae anajua ya taa. Ya meno hajui."

"Basi!" Mwanamisi aliinua kijiko chenye matundu. "Andika ya taa, uache ya meno. Si ni kweli? Taa si ilitolewa? Hujasema uongo."

"Wataniuliza taa ingesema nini. Ingesema sensa. Wataniuliza sensa iliguswa na nani."

"Sema hujui."

"Alama yangu iko pale, Mwanamisi."

"Ifute! Una tupa, una msasa, una kila kitu cha kufutia!" Kisha akateremsha sauti. "Utafungwa. Wewe huna wakili, huna mjomba polisi. Nadira yuko kidato cha pili. Mimi nikaange viazi mpaka vidole viishe? Na ukitoka, nani atakupa gari lake ulishike? Watasema ni yule Mswahili aliyevunja mama wa watu."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungeshika hiyo tupa ukaenda!"

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, kiti kiliburutwa. Mlango ukafunguliwa, na Waithira akaja kusimama mbele yao, kanga imefungwa vibaya.

"Nimesikia," alisema. "Sikutaka kusikia, lakini hii ukuta mnaijua."

Mwanamisi alishusha kijiko. Yahya alitazama chini. Alitamani atukanwe, lakini Waithira hakutukana.

"Siwezi kukuambia ujifunge, Baba Nadira. Mtoto wangu Wakonyo alipougua mwaka jana, nani alimbeba mgongoni mpaka hospitali? Ni wewe." Alipangusa pua. "Lakini kesho asubuhi nitaenda na sufuria. Gerishon ataniuliza kwa tundu, fundi alisema nini? Sasa niambie tu. Nimwambie nini?"

Moshi wa mafuta yaliyoungua uliwaingia machoni wote watatu.

Ni Mwanamisi aliyejibu. Aliondoa karai motoni, akalitua chini kwa kishindo.

"Mwambie fundi anakuja mwenyewe," alisema, na akaanza kulia kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

*

Jumatano saa mbili asubuhi Yahya aliweka barua yake juu ya meza ya Koplo Kitheka. Aliandika taa iliyotolewa na tepu iliyobandikwa. Aliandika tatu na mbili. Aliandika Januari, na meno mawili, na kwamba mkono ulikuwa wake. Chini aligonga muhuri, ukatoka hafifu, akagonga tena.

Kitheka alisoma akisogeza midomo. Alisoma mara mbili.

"Kwani hukulala, fundi? Jana uliniambia bado."

"Jana nilidanganya."

"Sasa mimi hii naandika wapi? Hapa nina 'mlevi', nina 'mwendo wa kasi', nina 'breki mbovu'." Alipiga kitabu cha matukio kwa kalamu. "Sensa iko wapi hapa? Hata spelingi yake sijui."

"Andika nilivyoandika."

"Mimi nikianza kuandika magari yalivyosema, nitapelekwa Mathari, kwa wendawazimu."

Alicheka peke yake, kisha akainua simu. Githae alifika kabla ya dakika ishirini kuisha. Alisoma barua akiwa amesimama. Alipofika kwenye tepu, shingo ilivimba. Alipofika kwenye meno, alitulia, akaikunja barua mara nne na kuitia mfukoni mwa koti.

"Hiyo ni barua ya polisi, mzee," Yahya alisema.

"Hii ni karatasi." Akamgeukia Kitheka. "Afande, huyu mtu amekubali kwa mdomo wake ameharibu gari yangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mbona bado amesimama huku nje?"

Wakamvua mshipi na kamba za viatu. Gerishon hakuachiliwa. Dereva, walisema, bado ni dereva. Sasa wameongeza fundi.

Seli ya Kwa Mbao ni moja. Gerishon alikuwa ameketi pembeni, na mlango ulipofungwa alimtambua aliyeingia kwa harufu ya grisi.

"Waithira aliniambia unakuja," alisema. "Hakuniambia unakuja kukaa."

Yahya alimweleza akiwa bado amesimama. Hakufupisha. Gerishon alisikiliza huku ametazama mikono yake, ambayo amekuwa akiitazama siku nne, akiiuliza ilifanya nini.

"Kwa hivyo haikuwa hizi," alisema mwishowe.

"Haikuwa hizo."

Gerishon akalia, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Hakumpa Yahya mkono, na wala hakumsogelea. Lakini baada ya muda alivuta miguu yake, ili mwenzake apate mahali pa kukaa.

*

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wewe unapoingia.

Githae akitoka kituoni alipiga simu akiwa ndani ya gari lake, kioo kimeshushwa, na Mwanamisi alikuwa getini na masikio yake. Alisikia hivi: lori la kuvuta magari lije kesho, Alhamisi, saa mbili kamili. Gari lipelekwe yadini, "likahifadhiwe". Inspekta anafika saa nne. Kati ya saa mbili na saa nne usukani utarudishwa meno mawili, pete itakaa sawa, nati itakuwa mpya. Inspekta ataelekezwa yadini, atageuza ufunguo, ataona gari zima na dereva mlevi, na ataandika hivyo. Barua iko mfukoni mwa koti. Ushahidi pekee uliobaki duniani ni lile gari, likiwa hivyo lilivyo, pale lilipo.

Mwanamisi na Waithira wameketi chini mbele ya geti la bati tangu saa nne asubuhi. Kitheka amewaambia waondoke, wamekataa. Amewamwagia maji ya kuoshea sakafu, wamejikamua na kukaa tena. Emmah, kutoka kitandani, amemtuma dada yake aungane nao, maana anataka kujua ni nini hasa kilichomvunja nyonga. Wako watatu. Lori la kuvuta lina uzito wa tani saba.

Leo bado ni Jumatano. Kama wewe ni fundi na umewahi kunyoosha usukani kwa njia ile, na unajua umewahi, njoo na karatasi yako na jina lako. Kama ulifanya kazi yadini ukatoa balbu, njoo useme ni ngapi. Kama una kamera, njoo upige picha ile nati kabla haijabadilishwa. Kama wewe ni wakili, ada yako tutaizungumza baadaye. Kama huna chochote, njoo ukae, lori haliwezi kupita juu ya watu mia mbili. Na wewe uliyepandisha kioo Juja, wewe njoo wa kwanza. Kwa Mbao, geti la bati, kabla ya saa mbili. Inuka.